Mgeni wa Siku ya Tatu

 

Katika mambo ambayo wakaazi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma, hawayatilii shaka, moja ni kwamba wao ni watu wakarimu. Na mimi niliye mhamiaji, niliyepokewa kwao hali sina kitu mkononi wala ukoo wa kunitetea, ningekuwa mtovu wa fadhila kama ningekaa mbele ya chombo hiki cha redio nikalikanusha jambo hilo. Walakini shukrani haimzuii mtu kufikiri, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo, kwa idhini yenu, nataka kuliweka mbele ya baraza: ukarimu wetu, na ukarimu wa walimwengu kwa jumla, hukoma wapi, na kwa nini aghalabu hukoma pale pale ambapo mwenye shida ndipo kwanza angeanza kuinua kichwa?

Wazee wametuachia mithali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi mithali hii hutajwa kwa kicheko, na mwenye kuchekwa huwa ni mgeni, yule aliyekaa barazani akingojea sinia hata wenyeji wakachoka kumtazama. Lakini mwenye kuitafakari ataona kwamba anayeamrishwa humo ni mwenyeji. Yeye ndiye atakiwaye kutoa jembe. Na mwenye kutoa jembe sharti awe amekubali kumwonyesha mgeni pahali pa kulima, na mwenye kumwonyesha mtu pahali pa kulima amekwisha kukiri kwamba mtu huyo atakuwapo siku ya kuvuna. Kwa hiyo sinia ya siku mbili za mwanzo, pamoja na utamu wake wote, ndiyo sehemu nyepesi ya ukarimu, na sehemu nzito huanza siku ya tatu. Dini nayo imetufundisha, kwa kauli ya Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, kwamba kukirimiwa kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Mimi nataka kuitazama siku hiyo ya tatu, na siku nyingi zinazofuata, ambazo kwa maelfu ya watu wa mkoa huu zimekwisha kuwa miaka.

Tuanze na mji wetu wenyewe. Ujiji ni mji uliokuzwa na wageni juu ya ardhi ya Waha, na tarehe yake haina budi kusomwa yote, ya kupendeza na ya kuchukiza. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1858 walikuta soko ambalo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kulitia katika njia kuu ya misafara, ile iendayo Tabora hata Bagamoyo. Na mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone katika mji huu, yule mzee mgonjwa alikuwa akiishi kwa msaada wa wafanyabiashara wale wale ambao biashara yao ya watu aliilaani. Pembe za ndovu zilivuka ziwa kutoka magharibi, na pamoja na pembe walivuka binadamu. Wengi wa wale waliokuja kuitwa Wamanyema hawakuja kwa hiari yao: wako walioletwa kwa minyororo, wako waliosukumwa na njaa na vita, wako wapagazi na askari waliofuata bendera za mabwana kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia humjua kwa jina la Tippu Tip, na kama Rumaliza, ambaye kwa muda alikuwa na nguvu kubwa katika Ujiji hii.

Hapa mtu aipendaye dini yake hana budi kusema kweli hata ikimchoma. Wengi wa waliowamiliki watu hao walikuwa Waislamu, walisali, walifunga, walitoa sadaka, na baadhi yao wakasifiwa kwa ukarimu wa meza zao. Bwana na mtumwa waliposimama katika sala walisimama safu moja, bega kwa bega, na sala ilipokwisha kila mmoja alirudi katika daraja yake kana kwamba safu ile haikuwapo. Basi asituambie mtu kwamba imani peke yake huleta usawa, maana sisi wa Ujiji tunao ushahidi wa kinyume chake. La ajabu, na ndilo la fahari ya mji huu, ni kwamba waliodhulumiwa hawakuitupa dini kwa sababu ya mikono iliyowafikishia. Waliishika, wakaisoma, kisha wakaidai insafu iliyomo ndani yake. Tarika ya Kadiriya, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilienezwa katika nchi zetu na makhalifa wa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, ilipofika bara ilipata wafuasi wengi miongoni mwa watu wasiokuwa na nasaba ya kujivunia, kwa kuwa katika halaka ya dhikiri hakuna aliyeuliza babu wa jirani yake alinunuliwa kwa kiasi gani. Vizazi vichache baadaye wajukuu wa wapagazi na wa watumwa walikuwa ndio waungwana wa mji, ndio walimu wa vyuo na maimamu wa misikiti, na watu wao walikuwa wamekwisha kuweka maskani Tabora, na Dar es Salaam, na Buyenzi kule Bujumbura. Wao hawakupewa jembe na mtu. Walilifua wenyewe, na sidhani kama kuna somo kubwa kuliko hilo katika tarehe ya Uislamu wa mwambao huu.

Mimi mwenyewe nilivushwa ziwa nikiwa mtoto mchanga, kutoka nchi ya Fizi katika Kongo, wakati wa vita ambavyo watu wa kwetu huviita vita vya Mulele, vilivyoanza mwaka 1964. Ya safari hiyo sikumbuki lolote. Niyajuayo niliyasikia kwa mama yangu, naye hakuwa mtu wa kuyapamba maneno. Tulipokewa katika nyumba ya Wamanyema hapa Ujiji, watu ambao mababu zao walikuwa wameyavuka maji yale yale kwa dhiki iliyoshinda yetu, tukapewa chumba, tukala walichokula, na bibi wa nyumba akamgawia mama kanga zake. Kwa hayo yote mama alimshukuru Mungu mpaka siku yake ya mwisho. Lakini alipokuwa akitusimulia, hakuyasimulia hayo kwa kirefu. Alichokisimulia kwa kirefu ni asubuhi moja ambapo bibi yule alimwambia ajifunge nguo vizuri, akamchukua mpaka sokoni, akasimama naye mbele ya mwuza mawese, akasema: huyu ni ndugu yangu, mpe debe moja auze, na asipolipa njoo kwangu. Mama alikuwa akisema kwamba chakula cha nyumba ile kilimwondolea njaa, lakini maneno yale ya sokoni ndiyo yaliyomfanya kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa alale usingizi.

Nimelitaja jambo hilo kwa sababu nalikuta, kwa sura kubwa zaidi, katika misingi ya dini yenyewe. Waislamu wa kwanza kuikimbia nchi yao kwa ajili ya imani walikimbilia Afrika. Ilikuwa mnamo mwaka 615, miaka saba hivi kabla ya kuhamia Madina, walipovuka Bahari ya Sham kwenda Habasha kwa Najashi, naye alikuwa mfalme Mkristo. Wakuu wa Makuraishi wakapeleka wajumbe na zawadi, kwanza kwa makasisi na watu wa baraza, kisha kwa mfalme mwenyewe, ili wakimbizi warudishwe. Watu wa baraza wakashauri warudishwe. Lakini mfalme akasema atawasikiliza kwanza, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akieleza habari zao, na alipokwisha kusikia akakataa kuwatoa na akaamuru zawadi zirejeshwe kwa wenyewe. Wengine miongoni mwa wakimbizi wale, Jaafar akiwa mmoja wao, walikaa Habasha zaidi ya miaka kumi. Sisi Waislamu tunaposoma habari hiyo hupenda kusifu ufasaha wa Jaafar, nao wastahili sifa. Lakini mimi nawaomba tumwangalie pia mfalme, ambaye alikuwa na dini isiyo yao, na faida mkononi kama angewatoa, na hasara ya urafiki wa wafanyabiashara matajiri kama angewaweka, naye akachagua kuwaweka.

Kisha ikaja Madina, mwaka 622, na ule udugu ambao Mtume aliufunga baina ya Muhajirina waliohama na Ansari waliowapokea. Saad bin Rabii, aliyekuwa tajiri miongoni mwa Ansari, alimwambia ndugu yake mpya, Abdurrahman bin Auf, kwamba yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali na ahali zake, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akajitegemea, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa na watoaji wakubwa wa umma ule. Wahubiri wetu hukitumia kisa hiki kumsifu asiyependa kuombaomba, na huenda baadhi yetu tukikisikia tukawatazama maskini kwa jicho la lawama. Walakini kisa kina upande wa pili. Abdurrahman aliweza kuikataa nusu ya mali ya mwenziwe kwa sababu Madina lilikuwako soko, na hapakuwa na mtu langoni mwa soko lile wa kumwuliza amezaliwa wapi. Lau angeliambiwa kwamba mgeni haruhusiwi kuuza samli, heshima yake yote isingemfaa kitu. Angelazimika kukaa na kupokea, na pengine baada ya miaka watu wale wale wangemwita mvivu.

Sasa na tuyalete hayo katika zama zetu na katika ardhi yetu. Mwezi wa Mei mwaka 2015, baada ya machafuko kuzuka Burundi, makumi ya maelfu ya Warundi walimiminika katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa baina ya ziwa na mlima mkali, ambako wakati huo hapakuwa na barabara ya gari na ambako wenyeji hawakuwa wengi kama wageni waliowajia. Wavuvi na wakulima wa kijiji kile waligawana maji, na vyoo, na mihogo, na vivuli vya miti na watu ambao idadi yao ilikuwa ni mara kadhaa ya idadi yao wenyewe. Kipindupindu kikaingia, watu wapatao 30 wakafa, na miongoni mwa wahanga walikuwamo wenyeji pia. Meli ya Liemba ikafanya safari baada ya safari, ikichukua mamia kwa mamia kuwaleta Kigoma, nao wakawekwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Meli hiyo nayo ina kisa chake: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika maelfu ya masanduku kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa tena hapa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen, ikashushwa majini mwaka 1915 ili ipigane vita vya wakubwa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikawa ikitumika kwa jina la Liemba. Chombo kilichogharimiwa kiasi hicho kwa ajili ya kuwatawala watu wa ziwa hili kilikuja kufanya kazi yake bora kabisa katika kuwaokoa.

Hizo ndizo siku mbili za mwanzo, na katika hizo Kigoma haina deni. Ama siku ya tatu ni habari nyingine. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, nao wengi wao ni watu wa kwetu, Wabembe wa Fizi na jirani zao. Na baadaye Warundi wakaongezwa humo na katika kambi ya Nduta. Wako vijana waliozaliwa Nyarugusu ambao leo wana watoto waliozaliwa Nyarugusu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakae katika maeneo waliyotengewa, wasitoke bila ya kibali, na katika miaka ya karibuni hata masoko waliyokuwa wakichanganyika na wanavijiji yalifungwa. Humo wamo mafundi cherehani, wakunga, walimu, wavuvi hodari waliowekwa mbali na maji, na wote kwa pamoja hungoja mgao. Mwaka 2023 mgao huo ulipunguzwa hata ukafikia nusu ya kiwango kilichokusudiwa, kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua. Fikirini, ndugu zangu: mtu amekatazwa kulima, kisha sinia nayo ikapunguzwa nusu.

Najua kuna msikilizaji ambaye hapa atanikatiza, na ana haki ya kunikatiza. Atasema: wewe unasema rahisi, lakini misitu iliyokatwa kwa kuni ni ya kwetu, na ng'ombe walioibwa ni wa kwetu, na bunduki zilizovushwa pamoja na wakimbizi zilielekezwa kwetu. Ni kweli, na mwenye kuyapuuza hayo hawezi kushauri jambo la haki. Tena Tanzania haikungojea mtu wa kuifundisha jembe la siku ya tatu ni nini. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, kila familia na shamba lake. Wakalima mahindi na tumbaku, wakajilisha, wakalipa kodi, wakauza chakula kwa wenyeji wao. Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya siasa hiyo, na mwaka 2014 Warundi wa mwaka ule wa 1972 pamoja na watoto wao, wapatao 162,000, wakapewa uraia. Kwa hiyo asemaye kwamba mgeni akipewa ardhi nchi itaharibika na aende Mishamo akatazame.

Je, kwa nini basi mkono uliokuwa umefunguka ukakunjika? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo haiko Kasulu wala Dodoma. Katika dunia ya leo watu zaidi ya milioni 100 wamefukuzwa makwao kwa nguvu, na zaidi ya thuluthi mbili ya wale waliovuka mipaka wamehifadhiwa na nchi zenye pato la chini au la kati, nchi kama yetu, na kama Uganda, na kama Chad. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliokusudiwa kuwafanya wakimbizi wajitegemee pamoja na wenyeji, na miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ni kwamba fedha hazikupatikana, na sehemu ya fedha zilizopendekezwa ilikuwa ni ya mkopo. Yaani maskini alitakiwa akope, kisha alipe kwa riba au bila ya riba, ili amnunulie jembe mgeni ambaye vita vilivyomfukuza viliendeshwa kwa silaha ambazo hazikutengenezwa Kigoma. Nchi nyingi tajiri zilikubaliana katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1970 kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa ajili ya nchi maskini, na katika miaka hii yote ni chache mno, kama Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg, zilizodumu kulitimiza neno hilo.

Mizani ya dini yetu ni nyingine. Zaka haikufaradhiwa juu ya pato peke yake. Imefaradhiwa juu ya akiba, sehemu moja katika arubaini ya mali iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima kwa mwenyewe. Wanaostahili kuipokea ni mafungu manane, na fungu la mwisho kutajwa ni la msafiri aliyekatikiwa njiani, ambaye huenda kwao alikuwa na nyumba na mashamba. Wanazuoni wengi wamefahamu kwamba makusudio yake ni kumtoa fukara katika ufukara, na baadhi yao wakasema fundi apewe zana za kazi yake na mfanyabiashara apewe rasilimali, yaani jembe. Sasa sisi tuliojaaliwa fahamu hiyo tujitazame. Nchi za Kiislamu zenye mafuta na gesi zina minara inayokwaruza mawingu. Na hapa kwetu wako watu wanaogawa noti ndogo ndogo milangoni mwa misikiti kila Ijumaa, kwa foleni ndefu, ili wanawake walewale warudi Ijumaa ifuatayo. Mwenye kutoa hivyo miaka ishirini bila ya kuipunguza foleni hata kwa mtu mmoja ana haja ya kujiuliza kama anamtazama fukara au anajitazama mwenyewe.

Tena dhuluma ya walimwengu haiko katika uchache wa sadaka tu. Iko katika malango ya soko. Ng'ambo ya ziwa letu ni nchi ya Kongo, itoayo zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, madini yaingiayo katika betri za simu na za magari. Nayo hutoka karibu yote kabla ya kusafishwa kikamilifu, na thamani yake huzaliwa mbali na mikono iliyoichimba. Huku kwetu michikichi imeota tangu enzi za mababu, na bado nchi huagiza mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Juhudi ya kutoa miche bora katika kituo cha Kihinga, iliyotiliwa nguvu tangu mwaka 2018, ni ya kushukuriwa, ingawa imechelewa. Na vijana wetu waliochukuliwa kutoka Nyarugusu kwenda Marekani, Kanada na Australia, wafanyao kazi za usiku katika viwanda na hospitali, wanapowapelekea mama zao dola 200, mara nyingi asilimia kadhaa huliwa njiani na kampuni za kutuma fedha, ingawa mataifa yalikwisha kukubaliana mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo isizidi asilimia 3. Mwana wa maskini hutozwa ushuru kwa sababu ya kumkumbuka mama yake, ilhali mali ya wakubwa huvuka bahari kwa gharama ndogo mno.

Wala tusidhani jambo hili ni la Wazungu na Waarabu peke yao. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikubaliana kulifunga ziwa lisivuliwe kwa muda wa miezi mitatu, kati ya Mei na Agosti mwaka 2024, ili dagaa na migebuka wapate kuzaana, na kwa mtazamo wangu ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini gharama ya busara hiyo haikugawanywa kwa kadiri ya uwezo. Mwenye mitumbwi na nyavu alikuwa na akiba, au ng'ombe, au nyumba ya kupangisha. Kibarua wa usiku mmoja, na mwanamke aanikaye dagaa mchangani, waliifunga saumu ya miezi mitatu ambayo hawakuinuia. Bahari au ziwa, Ulaya au hapa kwetu Kibirizi, kanuni ni moja: mwenye kidogo ndiye mara nyingi hutakiwa asubiri.

Wako watakaosema kwamba riziki hugawanywa na Mwenyezi Mungu, na kwamba kusema sana juu ya mgawanyo ni kumkosea adabu. Hasha, mimi siamini hivyo. Riziki yatoka kwa Mungu, nami nakiri. Lakini mipaka, na vibali, na bei, na ada za benki hazikuteremshwa katika kitabu chochote nikijuacho. Zimewekwa na binadamu, na kilichowekwa na binadamu huweza kupanguliwa na binadamu. Wamanyema wa mji huu wangeliamini kwamba daraja waliyokutwa nayo ndiyo hukumu ya Mungu, hata leo wangalikuwa watumwa.

Alhasili, mambo ninayoyaomba ni machache na hayahitaji muujiza. Kamati zetu za misikiti na ziteue kila mwaka nyumba kadhaa, ziwape mtaji wa kweli badala ya noti za Ijumaa, hata kama foleni haitaonekana na jina la mtoaji halitasikika. Serikali yetu, ambayo ina haki ya kuulinda usalama wa watu wake, na iyarudishe masoko ya pamoja baina ya kambi na vijiji kwa siku na kwa taratibu itakazoziona zafaa, kwa kuwa mwanakijiji wa Makere, jirani ya kambi, naye hufaidika amwuziapo mkimbizi na anunuapo kwake. Na mataifa makubwa, yanapokuja na mipango, yasituletee mkopo na kuuita msaada. Yalipe sehemu yao, na yafungue baadhi ya milango yao.

La mwisho nawaambia wahamiaji wenzangu, na najiambia mwenyewe kwanza. Nimeona Ujiji, na Kigoma, na kila mji nilioujua, kwamba anayewabeza wageni wa leo kwa ukali mwingi mara nyingi ni mtoto wa mgeni wa jana, ambaye huona kwamba akiwakataa hawa waliofika sasa atakuwa amethibitisha yeye ni mwenyeji. Hutamka neno mkimbizi kama tusi, na babu yake alifika hapa akiwa mtupu. Sisi tuliodhaminiwa sokoni na watu wasiotujua hatuna ruhusa ya kufanya hivyo. Deni letu hatuwezi kuwalipa waliotudhamini, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Tunaweza kuwalipa waliofika baada yetu, na siku ya kulipa ni siku yao ya tatu, wakati ambapo huruma ya watu imekwisha na majina yao yameanza kuchosha masikio.